Shaba Kutoka Jiwe Hadi Mvuke

Kitabu chochote cha kemia cha sekondari kitakupa jedwali lenye namba mbili kuhusu shaba: huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi na huchemka kwenye nyuzi 2,562. Chini ya namba ya kwanza ni yabisi, katikati ni kimiminika, juu ya ile ya pili ni gesi. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anapita. Namba ni sahihi na sina ugomvi nazo. Tatizo ni kwamba zinatuzoesha kuamini kuwa shaba ni kitu kilekile kinachobadili umbo tu kadiri joto linavyopanda, ilhali ukiifuata kwa makini kuanzia waya hadi mvuke utagundua kuwa mahali fulani njiani inaacha kabisa kuwa metali. Ni wapi hapo, na kwa nini?

Ninazungumzia shaba nyekundu, ile ambayo wanunuzi wa skrepa huiita kopa. Ile ya manjano inayotengenezewa masinia na vitasa ni aloi ya shaba na zinki, nayo ina habari zake. Shaba nyekundu ni elementi namba 29. Atomu yake ina elektroni 29. 28 kati ya hizo zimejipanga katika matabaka matatu yaliyojaa, za 2, za 8 na za 18. Inabaki moja nje, imeshikwa kwa ulegevu. Ukitaka kuielewa shaba katika hali yoyote ile, jiulize kwanza elektroni hiyo moja iko wapi.

Atomu za shaba zikikusanyika, hakuna inayobaki na elektroni yake ya nje. Zote zinaachiliwa, zinakuwa mali ya mkusanyiko mzima, na atomu zenyewe zinashikamanishwa na hilo wingu la pamoja. Hapo ndipo umetali unapozaliwa. Umeme hupita kwa sababu elektroni hizo ziko huru kusogea; joto husafiri haraka kwa sababu hiyohiyo, na ndiyo maana mpini wa shaba tupu hukuunguza mkono mapema kuliko wa chuma. Kati ya metali zote safi, fedha peke yake ndiyo inayoishinda shaba kwa kupitisha umeme, tena kwa asilimia sita hivi, tofauti isiyolingana hata kidogo na tofauti ya bei zao.

Katika hali ya yabisi atomu hizo zimepangwa kwa fuwele, kila moja ikiwa na majirani 12 wanaoigusa. Matabaka ya mpangilio huu huteleza moja juu ya jingine bila wingu la elektroni kukatika, na ndiyo sababu shaba huvutwa kuwa waya mwembamba kuliko unywele. Lakini kila mkunjo huacha kasoro ndani ya fuwele, na kasoro zikizidi hubanana na kuzuiana. Fundi anayesuka upya koili za mota anajua kuwa waya uliokunjwa na kunyooshwa mara nyingi huwa mgumu, kisha hukatika. Dawa yake ni kuupasha moto hadi uwe mwekundu, atomu zijipange upya. Unaweza hata kuutumbukiza kwenye maji ungali na moto. Utatoka laini vilevile. Fanya hivyo kwa chuma cha pua cha patasi na utapata kitu kigumu kama kioo. Tofauti ni kwamba chuma hubadili mpangilio wa fuwele zake kikiwa bado yabisi, kwenye nyuzi 912, na maji ya ghafla huyanasa mabadiliko hayo katikati ya safari. Shaba, kwa kanieneo ya kawaida, ina mpangilio mmoja tu kuanzia baridi kali hadi siku inapoyeyuka. Hakuna cha kunasa.

Hata baridi haiisumbui. Chuma cha kawaida kikipozwa vya kutosha huvunjika kama kigae; shaba hubaki ikipindika. Ila kuna jambo moja ambalo hunishangaza kila nikilifikiria. Risasi, metali duni kwa kupitisha umeme, ikipozwa hadi nyuzi 266 chini ya sifuri hupoteza ukinzani wake wote. Shaba, bingwa wa nyaya, haifanyi hivyo hata ikisogezwa karibu kabisa na sifuri halisi. Ubora wake wa kila siku unatokana na elektroni zake kutosumbuliwa sana na mtikisiko wa atomu, na mtikisiko huohuo ndio ambao ungehitajika kuziunganisha elektroni mbilimbili ili ukinzani utoweke.

Tuingie motoni. Nyuzi 1,085 ni namba iliyoamua mambo mengi Afrika ya Kati na ya Mashariki kabla ya kuwapo mtu wa kuipima. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Tanuru la udongo linalopulizwa kwa mivukuto na kulishwa mkaa hufika kwenye nyuzi 1,200 au zaidi kidogo. Kwa hiyo mhunzi wa zamani alikipata chuma kama bonge la yabisi lenye vinyweleo, akalipiga nyundo mpaka takataka zikatoka; shaba ilimtiririkia. Chuma kikawa kazi ya kufua, shaba ikawa kazi ya kumimina. Tanuru zilifanana na mkaa ulikuwa uleule. Kilichozitenganisha kazi hizo mbili ni hali ya maada.

Mahali pa kuliona hili ni Katanga, kusini mashariki mwa Kongo ya leo. Mawe ya kijani ya malakiti yalichimbwa huko kwa karne nyingi na kuchomwa kwa mkaa. Joto liliondoa maji na kaboni dioksidi, kisha gesi ya kaboni monoksidi kutoka kwenye mkaa ikaichukua oksijeni iliyobaki. Kuna jambo hapa ambalo maelezo mengi hulipita haraka: hatua hiyo ya mwisho haihitaji nyuzi 1,085. Malakiti hugeuka kuwa shaba kwenye joto la chini zaidi ya hilo, ila shaba hiyo huwa vipunje vilivyotawanyika ndani ya jiwe, havimfai mtu. Kuyeyusha kulikuwa kwa ajili ya kukusanya. Vipunje vikishakuwa kimiminika huungana, na kwa kuwa shaba ni nzito kuliko takataka za mawe, huzama chini na kuziacha zikielea juu.

Kimiminika hicho kilimiminwa katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba ya shaba imefukuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba, mingine midogo kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, na kwa muda mrefu ilitumika kama fedha. Katanga ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1960, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya namna hiyo. Biashara ya shaba hiyo ndiyo mojawapo ya mambo yaliyowavuta Wanyamwezi kuvuka Ziwa Tanganyika kuelekea magharibi katika karne ya 19. Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa misafara kutoka Unyamwezi, alijenga dola yake Bunkeya kwa shaba, pembe na watumwa, hadi alipouawa Desemba 1891 katika mvutano na msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Miaka 20 baadaye, mwaka 1911, tanuru la kampuni ya Union Minière liliwashwa Lubumbashi.

Shaba iliyoyeyuka ni kimiminika cha ajabu kidogo. Ni nzito mara nane ya maji, hutiririka kama mafuta mepesi, na mvutano wa uso wake ni takriban mara 18 ya ule wa maji, kwa hiyo tone lake hujikunja kuwa mviringo na kukataa kutambaa. Densiti yake, ambayo ni gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo ikiwa yabisi baridi, hushuka hadi 8.0 hivi mara tu inapoyeyuka. Ikiganda husinyaa, na mmiminaji asiyeacha akiba ya kujazia atatoa kifaa chenye shimo katikati.

Balaa kubwa zaidi ni hewa. Kimiminika cha shaba hufyonza hidrojeni na oksijeni kwa pupa kuliko yabisi. Kikianza kuganda, kinazitema. Ndani ya shaba inayoganda hidrojeni na oksijeni zikikutana hutengeneza mvuke wa maji, nao huacha vishimo kila mahali. Katika viwanda vinavyochakata mawe yenye salfa, shaba ya kwanza inayopatikana huwa na uso uliojaa malengelenge yaliyosababishwa na gesi ya salfa dioksidi ikitoroka, ijapokuwa imefikia usafi wa asilimia 98 au 99. Kwa karne nyingi mafundi walikuwa na njia yao ya kuondoa oksijeni iliyozidi: walizamisha magogo mabichi ndani ya shaba iliyoyeyuka. Mti ulichemka na kutoa gesi zilizoila oksijeni. Wakizidisha, hidrojeni iliingia kwa wingi na kuharibu kazi kwa upande wa pili. Fundi hodari alijua pa kuishia kwa kutazama tu uso wa sampuli iliyogandishwa: ukiwa tambarare, toa mti.

Je, kimiminika hiki bado ni metali? Ndiyo, na hapo ndipo jedwali la shuleni linapopotosha kwa kuonyesha mpaka wa 1,085 na ule wa 2,562 kana kwamba ina uzito sawa. Shaba ikiyeyuka, ukinzani wake wa umeme huongezeka kama maradufu kwa mara moja, kwa sababu vurugu ya atomu inazipiga kumbo elektroni. Ila umeme unapita. Majirani 12 wa kila atomu wanapungua hadi 11 hivi. Mng'ao upo. Hata rangi ina mantiki ileile: shaba huonekana nyekundu kwa sababu inaufyonza mwanga wa bluu na kijani, na kitu kinachofyonza rangi fulani vizuri huitoa vizuri pia kikipata moto; ndiyo maana shaba iliyotoka kuyeyuka, ikitazamwa gizani, mwanga wake una ukijani. Elektroni za nje bado ni za wote. Kilichopotea ni mpangilio tu.

Hesabu ya nishati inathibitisha. Tuchukue tani moja ya shaba na tuipime kwa uniti za umeme, zile tunazonunua kwa ajili ya mita zetu. Kuipasha kutoka joto la kawaida hadi ukingoni mwa kuyeyuka kunahitaji uniti 130 hivi. Kuiyeyusha hapo ilipofika, uniti 58 tu. Kuigeuza mvuke: uniti 1,300. Kuvunja mpangilio ni kazi ndogo. Kuvunja mkusanyiko wenyewe ni mara 23 zaidi. Ni kama msikitini baada ya swala ya Ijumaa: safu zinapovunjika watu hupeana mikono na kupishana, lakini jamaa bado ipo chini ya paa moja; ni pale kila mtu anaposhika njia ya kwake ndipo jamaa inapokwisha.

Ndani ya mvuke kila atomu ya shaba imeondoka na elektroni yake. Hakuna wingu la pamoja, kwa hiyo hakuna cha kupitisha umeme, hakuna mng'ao, hakuna wekundu. Mvuke wa shaba, ukiwa mtulivu, ni kizuizi cha umeme kama gesi nyingine yoyote. Ningependa mwanafunzi aelezwe jambo hili waziwazi angalau mara moja: atomu moja ya shaba si metali. Upitishaji, unyumbufu na rangi ni sifa za umati.

Badala yake atomu iliyo peke yake hupata sifa ambayo umati hauna: hufyonza na kutoa mwanga wa rangi chache mahususi, zisizobadilika. Maabara nyingi zinazopima maji huitumia. Maji hunyunyizwa ndani ya mwali wa asetilini, shaba iliyomo hugeuka atomu huru, na mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 324.7 hupitishwa hapo. Kadiri unavyopungua ndivyo shaba ilivyo nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita ya maji ya kunywa, na kipimo hicho husomwa kwenye mvuke. Kuna pia leza za mvuke wa shaba, zinazotoa mwanga wa kijani na wa manjano kutoka kwenye bomba lililopashwa moto wa nyuzi 1,400 na zaidi. Nyuzi hizo ziko chini sana ya kiwango cha kuchemka. Shaba, kama maji ya kisima, hutoa mvuke mwembamba kabla ya kuchemka. Rangi ya kijani au bluu katika fataki ni jamaa wa karibu, ingawa huko wanaong'aa zaidi ni michanganyiko ya shaba na klorini au haidroksili.

Ukizidi kuupa mvuke huo joto au umeme, elektroni ya nje inang'oka tena, na gesi inakuwa plazima. Umeme unapita upya. Ni mzunguko wa kuvutia: elektroni huru, umeme unapita, elektroni imefungwa, umeme unakatika, elektroni huru tena, umeme unarudi, safari hii bila fuwele wala kimiminika cha kuushika.

Mzunguko huu wote hutokea kwa sekunde isiyofika moja kila swichi yenye mzigo mkubwa inapofunguliwa. Kituo cha mwisho cha kugusana hupata joto, huyeyuka, hutoa mvuke, mvuke unapasuka kuwa plazima, na mwanga wa bluu unaouona ni shaba na hewa zikiungua kwa umeme. Kwenye swichi ya nyumbani ni cheche. Kwenye transfoma ni bomu, kwa sababu shaba inayogeuka mvuke kwa kanieneo ya kawaida hujitanua zaidi ya mara 30,000 ya ujazo wake, na haisubiri kupata nafasi. Vishoka, yaani mafundi umeme wasio rasmi, na wezi wa nyaya wanaoingia kwenye transfoma yenye umeme hudhani adui yao ni mshtuko peke yake. Wengi wanaoungua huko huunguzwa na mlipuko huo wa arki, na mtu anaweza kuunguzwa bila kugusa chochote.

Sasa kuna hali moja ambayo jedwali haliitaji kabisa, nayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya shaba ya jirani zetu. Chukua mrututu, zile fuwele za bluu ambazo wakulima wa kahawa wanazifahamu kwa kupambana na magonjwa ya ukungu. Zina shaba, ila huoni wekundu wala mng'ao. Kila atomu imepoteza elektroni mbili, ile ya nje na moja ya tabaka la ndani, ikawa ioni. Yeyusha mrututu ndani ya ndoo ya maji na shaba itakuwa inaelea katika kimiminika kwa nyuzi 25, elfu moja na zaidi chini ya kiwango chake cha kuyeyuka. Mwanakemia atasema, kwa haki, kwamba hii si hali ya maada ya shaba bali ni mchanganyiko wa maji na ioni. Sawa. Lakini anayetaka kujua shaba iko katika hali gani ulimwenguni leo hawezi kuiruka.

Migodi mingi ya Lualaba na Katanga ya Juu haiwashi tanuru. Mawe husagwa, hulowekwa katika asidi ya salfuriki, na shaba huingia kwenye myeyuko kama ioni. Myeyuko husafishwa, kisha hupelekwa kwenye matangi yenye umeme, ambako kila ioni hurudishiwa elektroni zake mbili na kuganda juu ya bamba. Baada ya siku kadhaa bamba hubanduliwa: kathodi ya shaba yenye usafi wa asilimia 99.99, iliyotokana na jiwe bila kupita kwenye moto. Yale waliyoyafanya wazee wa Katanga kwa nyuzi 1,100 hufanyika sasa kwa joto lisilozidi la maji ya kuogea.

Hata hivyo, si kwamba njia hii ni rahisi. Tangi la namna hii hula karibu uniti 2,000 za umeme kwa kila tani. Linganisha na uniti zisizofika 200 ambazo kinadharia zinatosha kuiyeyusha tani hiyohiyo kutoka baridi. Kurudisha elektroni ni ghali kuliko kuvunja fuwele, ghali hata kuliko kuichemsha shaba ikawa mvuke, na ndiyo maana migodi ya Kongo hulilia umeme kabla ya kulilia kitu kingine. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilijengwa kwa ajili hiyo na kukamilika mapema miaka ya 1980. Laini ndefu za namna hiyo duniani kwa kawaida hutumia nyaya za alumini, kwa sababu shaba, pamoja na ubora wake wote, ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini na nguzo hazina huruma na uzito.

Ningeshauri walimu waongeze safu moja kwenye jedwali lao, yenye swali: elektroni ya nje ni ya nani? Katika yabisi na kimiminika, ya wote. Katika gesi, ya atomu yake. Katika plazima, imeng'oka na iko huru. Katika mrututu, imechukuliwa na wengine. Safu hiyo inaeleza waya, kalibu, maabara ya maji, mlipuko wa transfoma na tangi la asidi kwa pumzi moja, jambo ambalo nyuzi 1,085 na 2,562 zikiwa peke yake haziliwezi.

Pia ingewasaidia wanafunzi wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, kuelewa kinachopita mbele ya shule zao. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia ipate njia ya bahari isiyopitia kwa makaburu. Leo malori hubeba kathodi za Kongo, nchi inayotajwa kuwa ya pili duniani kwa kuchimba shaba nyuma ya Chile, hadi bandari ileile. Kathodi haifai kuvutwa waya. Sharti iyeyushwe kwanza na kumiminwa kuwa rodi ya milimita 8. Kiwanda cha ZAMEFA kule Luanshya, Zambia, hufanya kazi hiyo kwa kiasi chake. Kathodi zilizo nyingi zaidi zinaelekea ng'ambo, hasa China, na shaba iliyotoka kwenye matangi ya asidi ya Lualaba huyeyuka kwa mara ya kwanza ikiwa imekwisha kuvuka bahari.